Magongo ya Mwalimu wa Hesabu

Katika miaka kumi na tisa nilimtengenezea Mwalimu jozi kumi na moja za magongo, na hakuna hata moja aliyoniambia ni nzuri. Alikuwa anayapokea, anayageuza, anayagonga kwenye sakafu ya karakana yangu pale Makole, Dodoma, huku ameinamisha kichwa kusikiliza, kisha anasema, "Yatafaa kwa sasa." Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake ya juu kabisa. Mara ya kwanza nilikasirika. Kufikia jozi ya tano nilikuwa naingoja hiyo "yatafaa kwa sasa" kama mwanafunzi anayengoja matokeo, na mimi ni mtu mzima mwenye watoto.

Alizaliwa lini na ukoo wake ni upi, hayo watasema ndugu zake. Ninachojua ni kwamba kwao ni upande wa Chemba, kwa sababu akichukizwa na ubao alikuwa anausema kwa lugha ya kwao, ile yenye vidoko vya ulimi, na ubao ukishasemwa hivyo sikuthubutu kuurudisha mezani. Miguu yake yote miwili ilikuwa myembamba. Wa kulia ulikanyaga kidogo, wa kushoto ulifuata tu. Sikuwahi kumuuliza ilikuwaje. Waliouliza aliwajibu kila mmoja la kwake: mmoja alimwambia simba, mwingine pikipiki, na mzee mmoja wa kanisani alimwambia ni ndoa.

Alifundisha hesabu darasa la saba katika shule ya msingi ya serikali hapa mjini. Alikuwa mkali na mwenye madaha, na alivaa vitenge vya rangi kali vilivyopigwa pasi mpaka vikasimama. Huruma hakuitaka. Mtu akimsikitikia barabarani alikuwa anasimama, anamwangalia kuanzia viatu mpaka kichwani, halafu anamwambia pole.

Namna alivyojua kwamba muda wa gongo umefika ni jambo nililolifikiria kuliko mambo mengi ya maana. Mimi ndiye fundi, mimi ndiye ninayeishi na mbao tangu ujana, lakini kila mara alinitangulia. Alikuwa anakuja na magongo ambayo machoni pangu yamebakiza mwaka mzima, anayalaza juu ya meza ya kazi na kusema, "Haya yamechoka."

Nayakagua. Hakuna ufa, hakuna mdudu, misumari imekaa vizuri. "Mwalimu, haya bado kabisa."

"Weka kidole gumba hapa."

Naweka kwenye kishikio, kidole kinazama kwenye kishimo kilichochimbwa na kidole chake.

"Sasa bonyeza."

Nabonyeza kwa uzito wangu, na gongo linapinda kidogo bila kutoa sauti.

"Jipya hulalamika," alikuwa akisema. "Likianza kukubali kila kitu, hilo limekata tamaa."

Kwenye fremu ya mlango wa karakana kulikuwa na mstari wa kalamu ya risasi aliouchora mwenyewe, urefu wa gongo lake kamili. Kila muhula ulipofunguliwa alikuwa anapita, anayasimamisha magongo pale na kuangalia yamepungua kiasi gani. Raba za chini, ambazo nilikuwa nazikata kwenye tairi kuukuu la lori, zilibadilishwa siku hiyohiyo, ziwe zimelika au hazijalika. Nilidhani ni usalama tu. Baadaye binti yangu, aliyefundishwa naye, alinieleza siri ya pili. Raba ikiwa kuukuu gongo lilisikika likija tangu ofisini, tok, tok, na darasa lilipata muda wa kujiweka sawa. Wiki za mwanzo wa muhula alikuwa anafika mlangoni kimya kabisa, na waliokuwa wananakiliana majibu waliinua macho na kumkuta amesimama. Watoto wale walilichukia tairi langu kuliko walivyoichukia hesabu.

Mti nao alinifundisha yeye, ingawa inaniuma kusema. Jozi ya kwanza nilimtengenezea kwa mninga, nikaupiga msasa na vanishi mpaka ukang'aa kama kitanda cha bi harusi. Akauangalia akasema mninga ni wa makochi. Alitaka mkole, uliokatwa kiangazi, ukaukie kivulini bila haraka, kwa sababu mkole unapinda na kurudi, na kwao ndio walikuwa wanachongea pinde. Nilibishana naye. Nikautafuta mkole ili nimwonyeshe kwamba amekosea. Hakuwa amekosea.

Sasa usidhani alikuwa mtu wa vitu vipya. Mkoba wake zipu ilikufa kabla sijamjua, akaushona kabisa juu na kuacha tundu la kuingiza mkono. Miwani yake ilikuwa na mkono mmoja wa waya wa umeme. Redio yake ilifungwa kwa mpira, na ili isikike ilibidi uilaze kifudifudi. Siku moja nilimtania, nikamwambia mtu anayetupa magongo mazima anawezaje kuvaa miwani ile. Hakucheka.

"Fundi, ninachokibeba mimi kinaweza kuzeeka kinavyotaka," alisema. "Kinachonibeba, hapana. Miwani haiwezi kuniangusha sokoni mbele ya watu."

Magongo ya zamani hakumpa mtu. Alisimama palepale na kunisubiri niyakate kwa msumeno vipande vya kuingia jikoni, na jioni yake alipikia maharage. Mwanzoni niliona ni roho mbaya. Mjini kuna watu wangapi wanaojikongoja kwa fito? Nikamwambia hivyo. Akaniambia kwamba kitu alichokihukumu kuwa hakimfai yeye hawezi kumpa mwingine na kudai asante juu. Ndivyo alivyokuwa akifanyiwa maisha yake yote, alisema, na alikuwa amechoka kuvaa na kukanyagia vilivyowachosha wengine.

Na kweli walimfanyia. Kuna wageni walikuja shuleni na magongo ya bati jeupe, yale mepesi, yametumika mahali fulani, moja bado lina jina la mtu limeandikwa ubavuni. Walitaka apige nayo picha. Mwalimu akayapokea kwa adabu, akasoma lile jina kwa sauti, akauliza mwenyewe yuko wapi na kama anajua kwamba vitu vyake viko Dodoma. Hakuna aliyejua. Akawaambia wapige picha ya darasa lake, watoto tisini na madawati thelathini, hilo ndilo linalochechemea.

Kanisani pia. Mhubiri mgeni alimwita mbele aombewe miguu. Watu wote wakageuka. Mwalimu akajibu kutoka alipokaa, bila kusimama, "Mchungaji, niombee mshahara upande. Miguu tumeshazoeana." Mke wangu alikuwepo. Anasema hata wazee wa kanisa waliinama kuficha meno.

Lakini mtu huyohuyo akifika benki alikuwa anapita foleni nzima mpaka dirishani bila kumtazama mtu. Mtu akiguna, anamjibu kwamba foleni ni ya wenye miguu. Nilimuuliza imekuwaje, mtu asiyetaka kuhurumiwa. Akasema huruma ni kitu kimoja na haki ni kingine, na kama mimi sioni tofauti nirudi darasa la kwanza. Mpaka leo nadhani pale alikuwa anajipendelea. Nilimwambia, akasema ndiyo, anajipendelea, kwani nani mwingine angempendelea?

Lazima niseme kosa langu, maana bila hilo mengine hayaeleweki.

Ilikuwa jozi ya pili, ya kwanza ya mkole. Gongo la kulia lilikuwa na fundo, jicho dogo la mti, karibu na kishikio. Kila seremala anajua dawa ya fundo. Unachukua gundi, unachanganya na unga wa mbao hiyohiyo, unaziba, unapiga msasa, na hata mama mzazi wa huo mti hatajua. Milango ya nusu ya mji huu imezibwa hivyo na haijamuua mtu. Basi nikaziba. Miezi miwili baadaye gongo lilikatika palepale akiwa kwenye kona ya soko na nyanya kwenye mkoba. Alianguka kifudifudi kwenye tope la maji ya samaki. Waliomwinua walimwita maskini.

Kesho yake alikuja, ameazima magongo ya hospitali, akaweka vile vipande viwili mezani. Alikuwa na mchubuko kwenye kidevu. Hakufoka. Aliweka ukucha kwenye ile sehemu iliyozibwa.

"Ulijua?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kifundi. Nikamtazama kidevu, nikasema, "Nilijua."

Akaniambia nimtengenezee jingine, na kwamba kama ningesema sikujua angekwenda kwa fundi mwingine siku hiyohiyo. Tangu hapo sijaziba kitu kwa unga wa mbao, hata mguu wa stuli. Wateja wananiona mjinga, kwa sababu natupa mbao nyingi.

Miaka mitatu kabla hajastaafu shule ilipata jengo jipya la ghorofa na mwalimu mkuu mpya, kwa pamoja. Ikaamuliwa darasa la saba likae juu, penye utulivu. Mkuu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Alikuwa kijana mstaarabu, anamsalimia Mwalimu shikamoo mara mbili kwa siku. Jumatatu moja akamwita ofisini, akamwambia kwa upole kwamba wamemfikiria. Atapewa darasa la kwanza, chini, karibu na choo, kwenye kivuli.

"Miaka ishirini na nane nafundisha darasa la saba," Mwalimu akamwambia.

"Ndiyo, Mwalimu. Ndiyo maana tunataka upumzike kidogo."

"Nimekuomba kupumzika?"

Mkuu akasema shida ni usalama, akianguka kwenye zile ngazi shule itaulizwa. Mwalimu akamwambia hataanguka. Mkuu akasema, basi, Alhamisi kamati ya shule inakuja kukagua jengo. Kama Mwalimu anaweza kupanda mbele yao bila kushikwa na mtu, abaki na darasa lake. Nadhani alisema hivyo akiamini atakataa.

Jioni ile alifika karakana na kunieleza hayo yote akiwa amesimama, hakutaka kiti. Alikuwa na jozi ya tisa. Niliyapokea magongo nikayatazama. La kushoto lilikuwa na ufa, mwembamba kama unywele, unaanzia penye kishikio. Jozi ya kumi nilikuwa nimeshaikata, imebaki kuunganishwa. Nikamwambia Jumatano itakuwa tayari.

"Jipya linataka wiki mbili mkono ulizoee," akasema. "Alhamisi nitapanda kama ndama aliyezaliwa leo." Akalisukuma lile la kushoto kwangu. "Ziba."

Sikuamini masikio yangu. "Mwalimu?"

"Umesikia. Gundi na unga. Ngazi ishirini na mbili tu, nimezihesabu."

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Kumpa darasa la kwanza kulikuwa kumzika akiwa hai, na alijua mikono yake na lile gongo wanaelewana. Mimi mwenyewe nilitaka apande kuliko nilivyotaka kitu chochote mwaka ule. Na gundi ilikuwa pale rafuni, kopo wazi.

"Siwezi," nikasema.

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki."

Akaniangalia kwa jicho ambalo watoto wa darasa la saba wanalijua. Akatamka neno moja la kwao, lenye kidoko kikali mwanzoni, akachukua magongo yake yenye ufa na kuondoka nayo bila kuaga. Nilijiona nimemsaliti, na pia nilijiona kwa mara ya kwanza kwamba mimi ni fundi. Jumatano nilimaliza jozi ya kumi, nikaifunga kwenye khanga ya mke wangu.

Alhamisi nikaenda shuleni bila kualikwa. Kamati ilikuwa imesimama chini ya ngazi, watu sita, pamoja na mkuu. Watoto waliambiwa waende nyumbani na hakuna aliyekwenda. Mwalimu alifika kwa bodaboda, kitenge chekundu, kilemba cha kulingana, magongo ya zamani kapakata. Alimsalimia kila mtu. Mimi akanipita kama nguzo.

Nikamfuata, nikafungua khanga. "Mwalimu, mapya haya hapa."

Akayatazama mapya. Akayatazama ya zamani. Alichukua muda, na mama mmoja wa kamati akaanza kusema kwamba si lazima, tunaweza kuahirisha. Mwalimu akanikabidhi yale ya zamani yote mawili. Nikamnyooshea mapya. Hakuyapokea. Alishika ukingo wa ngazi, akageuka akatuelekezea uso sisi sote, akakaa kwenye ngazi ya pili.

Akakusanya kitenge katikati ya miguu, taratibu, akaweka viganja viwili kwenye ngazi ya juu yake, akajinyanyua, akakaa. "Tatu," akasema.

Akajinyanyua tena. "Nne."

Alikwenda hivyo, kinyumenyume, akitutazama. Miguu yake myembamba ilikuwa inafuata, ikigonga kila ngazi. Viatu vyake alikuwa amevipaka dawa. Hakuinamisha macho hata mara moja, sisi ndio tuliokuwa tunatafuta pa kuangalia. Penye saba, mama yule wa kamati alianza kufuta machozi.

"Mama, unalia nini?" Mwalimu akamuuliza kutoka juu. "Nimekufa? Nane."

Penye kumi na moja, pale ngazi zinapokata kona, alipumzika. Jasho lilikuwa limemlowa mgongo mzima. Mkuu wa shule akasema, "Mwalimu, tumeridhika."

"Mimi sijaridhika. Tulisema mpaka juu, na bila kushikwa. Kuna aliyesema lazima niwe nimesimama?"

Hakuna aliyekuwa amesema. Kona ile ilimficha, tukawa tunamsikia tu, kumi na mbili, kumi na tatu, na watoto chini wakaanza kuhesabu naye kwa sauti. Walipofika ishirini na mbili hawakupiga makofi. Walinyamaza, wakingoja kama wanavyongoja jibu lisahihishwe.

"Fundi," sauti yake ikaja. "Niletee mapya."

Nikapanda mbiombio, ngazi mbilimbili. Nilimkuta amekaa sakafuni ameegemea ukuta, anapumua kwa mdomo, viganja vimekwaruzika. Akayapokea magongo ya jozi ya kumi, akayagonga, akasikiliza, akasimama nayo. Aliyumba vibaya. Akaingia darasani ameshika ukuta, akaenda mpaka dirishani na kuwaambia waliokuwa chini kwamba kesho kipindi cha kwanza ni hesabu za sehemu, na asiyekuja na daftari asije kabisa.

Mkuu alikuwa ameokota gongo la kushoto la zamani nililoliacha chini. Niliposhuka akanionyesha. "Fundi, hili mbona lina ufa?"

"Anajua," nikamwambia.

Alibaki na darasa lake. Wiki mbili alipanda kwa kukaa, mpaka mkono ukayazoea mapya, na baada ya hapo akawa anapanda kwa gongo moja huku ameshika ukingo. Watoto wachache walianza kupanda nao kinyumenyume kwa makalio, wengine kwa utundu, wengine nadhani kwa mapenzi. Mwalimu hakutaka kujua ni yupi. Aliwapa hesabu arobaini kila mmoja, akawaambia wana miguu, waitumie. Mimi na yeye hatukuzungumza juu ya gundi tena. Alipokuja kwa ajili ya jozi ya kumi na moja alisema "yatafaa kwa sasa" kama kawaida, lakini akanywa chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mwaka huu, mvua zilipokatika, alinipigia simu. Ameshastaafu, anaishi peke yake mtaa wa Kikuyu, hapahapa mjini, kwenye nyumba yake ya vyumba viwili. "Fundi, njoo na futi," akasema, akakata. Nilifurahi. Mkole nilikuwa nimeuweka kivulini tangu mwaka jana, kwa hesabu zangu muda ulikuwa umefika. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimemtangulia.

Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti. Pembeni yake kulikuwa na baiskeli ya miguu mitatu, ya kuendesha kwa mikono, mpya, ya bluu, bado ina karatasi kwenye vishikio.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Futi ipo?"

"Ipo. Hiyo ni ya nani?"

"Yangu. Nimeinunua mwenyewe kwa mafao yangu."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Hakucheka. Nikahisi hasira inanipanda, hasira ya kweli, na sikujua nimwelekezee nani. "Wewe, Mwalimu? Baada ya zile ngazi?"

"Ndiyo, mimi."

"Nani kakushauri? Hospitali?"

"Bega," akasema, akaligusa la kulia. "Miaka hamsini limenibeba. Kuzungusha bado linaweza. Kubeba limekataa."

"Nikuchongee mepesi zaidi. Niongeze sponji kwapani. Mkole ninao, umekauka vizuri kuliko wote." Nilikuwa nasema haraka kama mchuuzi. "Watu watasema wamekushinda."

"Watu gani?"

"Wote wale. Kamati. Mkuu. Waliokuwa wanataka ukae."

Akatazama uani, kushoto na kulia. Kulikuwa na kuku watatu. "Wako wapi?"

Nikatambua, na nikaona aibu, kwamba anayeogopa pale si yeye. Nilikuwa nimejitwalia ukaidi wake nikaufanya wangu, nikaringa nao mtaani, mimi fundi wa yule mama. Asipotembea kwa magongo yangu, nitakuwa fundi wa milango.

"Fundi, kaa," akasema, kwa sauti ya chini kidogo. Nikakaa kwenye kizingiti, tukawa sawa. "Yule kijana aliniambia nishuke wakati bado naweza kupanda. Ndiyo maana nilipanda. Leo hakuna aliyeniambia kitu. Nimejiambia mwenyewe, asubuhi moja, nikiwa nafunga viatu. Unataka nibishane na nani?"

Akatoa karatasi kwenye mkoba. Alikuwa amechora mlango wa nyumba yake na njia ya mteremko ya mbao kutoka kizingitini mpaka chini, na vipimo vyote. Urefu wa njia mara kumi na mbili ya kimo cha kizingiti. Nikapima kizingiti kwa futi, kwa sababu mikono ilitaka kazi, nikamwambia mara kumi inatosha, mara kumi na mbili ni kupoteza mbao. Akapiga kidoko.

"Kumi na mbili," nikasema.

"Twende tukachague hizo mbao. Na jua bado halijawa kali."

Akafunga mlango, akajihamishia kwenye baiskeli kwa mikono miwili, taratibu, uso umekunjamana, na sikumsaidia. Magongo ya jozi ya kumi na moja aliyaacha ndani. Akashika vile vishikio na kuanza kuzungusha, kwanza kwa shida kwenye mchanga wa mbele ya nyumba, kisha akaipata barabara ya changarawe. Nikaanza kutembea kando yake.

Kwa miaka kumi na tisa, kila nilipotembea naye, nilikuwa nafupisha hatua zangu na kujifanya natazama maduka ili asijue. Bila shaka alikuwa anajua. Safari hii nilifupisha vilevile, kwa mazoea, na nilipoinua macho alikuwa ameshanitangulia nyumba mbili. Barabara pale inateremka kuelekea lami. Akaacha kuzungusha, kilemba kikapigwa na upepo, baiskeli ikashika kasi.

"Mwalimu, ningoje," nikaita.

Hakugeuka. Nikavua ndala, nikazishika mkononi, nikakimbia.